Ningaliruka: Uhakiki wa Njeo Moja ya Kifaransa

Shuleni tumefundishwa kuhakiki kwa kuigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui. Ukifika kwenye fani unaandika muundo, mtindo, wahusika, mandhari, halafu matumizi ya lugha. Na kwenye matumizi ya lugha unaorodhesha tashibiha tatu, sitiari mbili, methali moja, unapiga mstari, unasubiri maksi. Sijawahi kuona swali la mtihani linalouliza kwa nini mwandishi kaandika "alikuwa amekuja" pale ambapo angeweza kuandika "alikuja". Njeo wanaachiwa watu wa isimu, kana kwamba riwaya haina habari nazo. Lakini mwandishi anaweza kumaliza kurasa kumi bila tashibiha hata moja. Bila njeo hamalizi hata sentensi.

Marcel Proust alilijua hilo. Mwaka 1920, katika jarida la Nouvelle Revue Française, alijibu makala ya mhakiki Albert Thibaudet juu ya mtindo wa Flaubert. Hakushughulika na ujumbe wa Flaubert wala falsafa yake. Alizungumzia namna Flaubert alivyotumia njeo za wakati uliopita, na viwakilishi, na vihusishi kadhaa, akadai kuwa kwa hayo tu mtu yule alibadili jinsi tunavyoviona vitu, karibu sawa na Kant alivyofanya katika falsafa. Wapo watakaosema Proust kapiga chuku. Mimi naona kasema kweli, na nasikitika kwamba uhakiki wetu sisi vijana bado haujafika huko.

Basi leo nahakiki njeo moja tu, tena ile ambayo Wafaransa wenyewe wanaicheka. Jina lake ni plus-que-parfait du subjonctif. Jina tu linatisha, kama jina la ugonjwa. Ili tusichoshane nitaiita njeo ya eusse, kwa umbo lake la nafsi ya kwanza. (Namna ya kutamka: weka midomo kama unataka kusema "u", halafu ndani yake sema "is". Ukichekwa, ujue umepata.)

Inaundwa hivi. Unachukua kitenzi kisaidizi, avoir au être, unakivisha njeo nyingine ambayo nayo imezeeka, imparfait du subjonctif, kisha unaongeza umbo la tendo lililokwisha la kitenzi chako. Kupenda ni aimer: que j'eusse aimé, que tu eusses aimé, qu'il eût aimé, que nous eussions aimé, que vous eussiez aimé, qu'ils eussent aimé. Kuja, venir, kinakwenda na être: que je fusse venu, que tu fusses venu, qu'il fût venu, que nous fussions venus, que vous fussiez venus, qu'ils fussent venus. Aliyekuja akiwa mwanamke unaongeza e mwishoni, venue. Basi, kwisha. Ukishavijua visaidizi hivi viwili umeijua njeo hii kwa vitenzi vyote vya Kifaransa, pamoja na vile vikorofi. Kwa uundaji ni rahisi kuliko njeo nyingi wanazotumia kila siku. Kinachowashinda watu ni haya ya kuitamka.

Sasa tazama nafsi ya tatu umoja, maana hapo ndipo penye utamu. Kuna il eut aimé na kuna il eût aimé. La kwanza ni njeo ya masimulizi: alipokwisha kupenda, jambo lilitokea, lina tarehe. La pili ni "angalipenda", jambo halikutokea na halitatokea. Tofauti yake ni kofia ndogo juu ya herufi u. Ukiyasoma kwa sauti ni kitu kimoja, sikio haliambiwi lolote. Jicho peke yake ndilo linalojua kama mtu yule alipenda au hakupenda. Nimetafuta katika Kiswahili mahali ambapo alama ndogo namna hii imebeba tofauti ya lililokuwa na lisilokuwa, sijapata. Sisi tunaisikia tofauti yetu, silabi mbili nzima, -ngali-.

Kofia ile ni kaburi. Ndani yake imezikwa herufi s. Kilatini kilikuwa na habuisset, Kifaransa cha kale kikaandika eust, s ikaacha kutamkwa, na kamusi ya Académie française ya mwaka 1740 ikazifuta s nyingi za namna hiyo na kuweka kofia badala yake. Miaka 250 baadaye, Desemba 1990, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa lilichapisha marekebisho ya tahajia yaliyoruhusu kofia iondolewe juu ya i na u katika maneno mengi. Lakini mwisho wa vitenzi hawakuugusa. Eût ilibaki na kofia yake, fût ilibaki na kofia yake. Hata wapunguzaji waliona kwamba hapa wakivua kofia wanavua maana.

Jambo jingine la historia, nalipita haraka. Njeo ambayo Kifaransa huiita imparfait du subjonctif, yaani aimasse na ndugu zake, haikutokana na imperfekti ya Kilatini. Ilitokana na ile ya Kilatini ya "kuwa imekwisha", amavissem. Ikahama kiti. Ikakaa kiti cha jirani, na kiti chake kikabaki kitupu, ndipo Kifaransa kikalazimika kuunda njeo mpya kwa kuunganisha kisaidizi na kitenzi. Kwa hiyo eusse aimé ni mrithi wa kiti, si wa damu.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni ya utiifu. Kishazi huru kikiwa katika wakati uliopita, na kishazi tegemezi kikihitaji subjonctif, na jambo la kishazi tegemezi likiwa lilitangulia, basi sheria ya zamani inataka njeo ya eusse. Il craignait qu'elle ne fût partie: aliogopa asije akawa ameshaondoka. Mtaani leo Mfaransa atasema qu'elle ne soit partie, au hata hiyo ne ataiacha. Kitenzi cha pili hakijali tena kwamba cha kwanza kipo zamani.

Na hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu huku ni kuja kwetu. Sisi tunasema "nataka aje" na "nilitaka aje". "Aje" haibadiliki. Kiswahili hakikuwahi kukilazimisha kitenzi cha -e kivae nguo za jana kwa sababu tu bwana wake kavaa za jana. Kifaransa kilidai je veux qu'il vienne lakini je voulais qu'il vînt, kwa karne nyingi, kwa viboko. Leo karibu kila mtu anasema je voulais qu'il vienne. Serikali ilichelewa kidogo kuikubali hali hiyo. Agizo la waziri wa elimu Georges Leygues la tarehe 26 Februari 1901 liliruhusu, katika mitihani, subjonctif ya wakati uliopo ishike nafasi ya imparfait pale kishazi huru kinapokuwa katika hali ya masharti. Agizo la René Haby la tarehe 28 Desemba 1976 likaenda mbali zaidi: kishazi huru kikiwa wakati uliopita au hali ya masharti, mwanafunzi anayeandika ait oublié badala ya eût oublié asikatwe maksi. Sijui kama kuna nchi nyingine ambamo waziri aliweka saini ili njeo iruhusiwe kufa.

Kazi ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Njeo ya eusse inaweza kusimama peke yake, nje ya utiifu wowote, ikabeba maana ya masharti yaliyopita: j'eusse aimé, ningalipenda. Vitabu vya sarufi vya zamani vikaiita umbo la pili la masharti ya wakati uliopita, kana kwamba ni nguo ya Idi. Tena inaweza kukaa pande zote mbili za sentensi. Kifaransa cha kawaida hugawa: si j'avais su, je ne serais pas venu, upande wa sharti njeo moja, upande wa tokeo njeo nyingine. Kifaransa cha nguo ya Idi hakigawi: si j'eusse su, je ne fusse pas venu. Eusse huku, fusse huku. Haya, itafsiri. "Ningalijua, nisingalikuja." Ngali huku, ngali huku! Njeo ile ile pande zote mbili, kama mizani. Unaweza hata kuliondoa neno si na kugeuza mpangilio, eussé-je su, kama sisi tunavyoweza kuondoa "kama" au "lau" na sentensi isitetereke. Mswahili anayejifunza Kifaransa anasumbuka na si j'avais, anauliza kwa nini upande mmoja uwe hivi na mwingine vile. Akifika kwenye njeo iliyokufa anajikuta nyumbani.

Kuna mtu mwingine aliyefika huko bila kusoma. Katika filamu ya Yves Robert ya mwaka 1962, La Guerre des boutons, iliyotokana na riwaya ya Louis Pergaud ya 1912, mna mtoto mdogo anaitwa Petit Gibus. Anajuta kuja vitani, na analisema juto lake kwa kosa maarufu pengine kuliko makosa yote ya Kifaransa: anaweka hali ya masharti pande zote mbili. Ufaransa nzima inalijua kosa hilo, na walimu wanalitumia kuonya. Lakini mtoto yule alikuwa anatafuta nini? Alikuwa anatafuta mizani. Aliona kwamba mambo mawili yasiyotokea yanastahili vazi moja. Kosa la mtoto wa kijijini na lugha ya wanachuoni vimekutana mlango wa nyuma, na katikati yao amesimama mwalimu na kalamu nyekundu. Mimi ningeandika tasnifu juu ya jambo hilo kama ningekuwa na chuo cha kuipeleka.

Kuchekwa kwa njeo hizi kuna sababu ya sauti pia. Maumbo ya -asse na -assions, na hasa -assiez, yanapiga mluzi mbaya. Kitenzi "kuua", assassiner, ukikinyumbua kwenye imparfait du subjonctif na "ninyi" kinatoka assassinassiez, na hapo hakuna mwenye huzuni atakayeaminiwa. Limekuwepo tangu zamani shairi la dhihaka, linalosomwa kwa jina la Alphonse Allais, ambamo mpenzi analalamika kwa maumbo hayo matupu mpaka mapenzi yanageuka kichekesho. Njeo ya eusse ilinusurika kidogo kwa kuwa sauti ya -asse haimo ndani yake. Eût na fût ni fupi, ni laini. Ndiyo maana nafsi ya tatu umoja ndiyo iliyobaki hai katika vitabu. Wanariwaya wa karne ya 19, Flaubert akiwemo, walipenda on eût dit kila walipotaka kufananisha: "ungalidhani". Wana njia hiyo ya kusema sitiari huku wakikiri kwamba ni uongo. Hebu fikiri, tashibiha iliyojengwa ndani ya njeo. Mtahini wetu angeiweka wapi, kwenye tamathali za semi au kwenye sarufi?

Najua swali linalokuja. Kijana, tuna njaa ya vitabu vyetu wenyewe, wewe unatuletea kofia za Kifaransa? Na Kifaransa kwa Waafrika si lugha ya hivi hivi, ni lugha iliyoingia na utawala. Nakubali. Léopold Sédar Senghor alipata shahada ya agrégation ya sarufi mwaka 1935, Mwafrika wa kwanza kuipata, na mwaka 1983 alichaguliwa kuingia Académie française. Kwake yeye kujua eusse kuliko Mfaransa ilikuwa ni kuingia chumba walichosema hakimhusu. Ahmadou Kourouma alikwenda njia nyingine kabisa. Alikuwa mtaalamu wa hesabu za bima, si wa sarufi. Riwaya yake Les Soleils des indépendances ilikataliwa na wachapishaji wa Paris, ikachapishwa Montréal mwaka 1968, ndipo Paris ikaitoa mwaka 1970. Mle ndani Kifaransa kinatembea kwa hatua za Kimalinke. Vijana wengi wa rika langu wanampenda Kourouma na kumkebehi Senghor. Mimi nasema huwezi kuivunja nyumba vizuri kama hujui nguzo ipi inabeba paa. Kourouma alijua. Wanaomwiga bila kujua wanaandika vurugu tu na kuiita uhuru.

Lakini sikuja kwa ajili ya hao. Nimekuja kwa ajili ya Albert Camus, kwa sababu ndani ya kazi zake njeo hizi zimekuwa suala la hatia.

Wengi wanamjua Camus wa L'Étranger, 1942. Meursault anasimulia kwa passé composé, njeo ya mazungumzo, sentensi moja moja. Jean-Paul Sartre alipoihakiki mwaka uliofuata alizifananisha sentensi hizo na visiwa, kila moja peke yake. Roland Barthes naye, mwaka 1953 katika Le Degré zéro de l'écriture, aliutaja uandishi wa aina hiyo kuwa mweupe, usiovaa alama za Fasihi. Tangu hapo imekuwa kama sheria: mwandishi mkweli hutumia njeo za mtaani, mwandishi mwongo huvaa passé simple na subjonctif za zamani. Sheria nzuri kwa wavivu. Nani asiyeipenda sheria inayomwambia kwamba asilolijua ni dhambi?

Halafu Camus huyo huyo, mwaka 1956, anatoa La Chute. Riwaya fupi, mtu mmoja tu anazungumza kuanzia mwanzo hadi mwisho, siku tano, akianzia katika baa moja ya Amsterdam iitwayo Mexico-City. Anaitwa Jean-Baptiste Clamence, aliyekuwa wakili mashuhuri Paris, mtetezi wa wajane na yatima. Anayesikiliza hatumsikii; maneno yake tunayakisia kwa majibu ya Clamence. Na mapema kabisa, katika mazungumzo ya kwanza, Clamence anatumia imparfait du subjonctif, ndugu wa damu wa njeo yetu, tena nafsi ya kwanza, ile isiyotumiwa na mtu timamu kwenye baa. Msikilizaji anashtuka kidogo. Clamence anaona. Anakiri kwamba ana udhaifu kwa mtindo huo, na kwamba mtindo mzuri mara nyingi hufanya kazi ya kitambaa safi kilichofunika ngozi yenye ukurutu.

Wahakiki wengi wanakipita kipande hicho kama mzaha. Mimi naona ni ufunguo uliowekwa mlangoni. Camus anatuambia: tazameni njeo za mtu huyu. Ni wakili. Njeo ndizo mali yake.

Siri ya Clamence ni hii. Usiku mmoja wa Novemba, saa saba hivi, alikuwa anarudi kwake, akavuka daraja la Pont Royal. Mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeusi alikuwa ameinamia ukuta wa daraja. Akampita. Alipofika mbele kidogo akasikia mwili unapiga maji, kisha kilio kinachoshuka na mto, kikakatika. Akasimama, hakugeuka. Akaenda zake polepole, hakumwarifu mtu, na siku zilizofuata hakusoma magazeti. Basi. Kitabu chote, pamoja na ile picha iliyoibwa ya Mahakimu Waadilifu anayoificha kabatini, kinazunguka dakika hiyo.

Msomaji wa Kiswahili anajua neno linalopaswa kufuata hapo. Laiti. "Laiti ningaliruka." Methali zetu zimejaa jambo hili, majuto ni mjukuu, ningalijua huja nyuma. Tunategemea wakili huyu mwenye kupenda maneno mazito atoe njeo yake ya Idi, j'eusse sauté, au fusse ya hali yake. Ana uwezo, ameshatuonyesha kwamba maumbo ya namna hiyo hayamshindi. Lakini mandhari ya daraja yamesimuliwa makavu, alitaka kukimbia, hakusogea. Mtu aliyevaa subjonctif kwenye habari ya kupata marafiki haivai kwenye habari ya maiti.

Na ukurasa wa mwisho ndio unaoumiza. Clamence ana homa kitandani. Anawazia kumwomba yule binti ajitupe tena, ili apate nafasi ya pili ya kuwaokoa wote wawili. Halafu anajishtukia. Je, wakichukuliwa kwa maneno yao? Itabidi kweli kuruka, na maji ni baridi. Anajituliza: wamechelewa, na daima watakuwa wamechelewa, bahati nzuri. Angalia njeo. Anapofikiria nafasi ya pili hatumii masharti yaliyopita, anatumia masharti ya sasa, yale ya mlango ulio wazi. Na mlango ukifunguliwa tu, baridi inaingia.

Hapo ndipo Kiswahili kinaweza kumsaidia mhakiki kuliko Kifaransa cha mtaani. Sarufi zetu za zamani, kwa mfano ile ya Ashton ya mwaka 1944, zilitofautisha -nge- na -ngali-. -Nge- kwa jambo ambalo halipo lakini lingewezekana sasa. -Ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha. "Angeruka" ni mtu aliye darajani. "Angaliruka" ni mtu aliye baa miaka kadhaa baadaye, glasi mkononi. -Ngali- haigharimu kitu. Ukisema "ningaliruka" hakuna mto utakaokudai. Ukisema "ningeruka" uwe tayari kulowa. Methali zinatufundisha kwamba majuto ni mzigo. Camus anaonyesha kwamba majuto ni starehe, ni blanketi, na mwenye kuogopa maji anaomba mlango ubaki umefungwa. Nimezunguka sana nikitafuta namna ya kulieleza hili kwa fani na maudhui, sikufanikiwa. Kwa -nge- na -ngali- linaelezeka kwa sentensi moja.

Ndiyo maana nakasirika, na sioni haya kusema, ninaposoma hadithi zetu vijana. Tumeifanya -nge- kuwa panya wa kila shimo. "Angekuja mapema angemkuta mama yake hai." Mama ameshazikwa kurasa tatu nyuma, sasa hiyo -nge- inangoja nini? Msomaji anaachwa akidhani kuna mlango. Wengine wanaandika -ngeli-, "angelikuja", na wakiulizwa wanasema ndivyo watu wanavyosema. Kweli wanasema. Mimi pia nasema hivyo kwenye daladala. Wengine wanajenga "angekuwa amekuja", na hii naiheshimu, kwa sababu imefanya kile Kifaransa kilichofanya zamani kiti kilipobaki kitupu: imeongeza kisaidizi ili kuokoa tofauti. Lugha inajitibu yenyewe. Ila mwandishi achague, ajue kachagua nini.

Upande wa pili kuna wale waliosoma Shaaban Robert wakabaki na koti lake. Kila aya "lau kama", kila aya "ningalikuwa", hata mhusika akiwa kondakta anayegombania nauli. Hao ni Clamence wetu, bila ya kujua kwamba ni Clamence. Mtindo unafunika ukurutu. Kondakta hajuti, kondakta anadai. Mpeni -ki- yake aende zake.

Na walimu nao wana lao. Sheria ya darasani inasema ukianza na -ngali- malizia na -ngali-, ukianza na -nge- malizia na -nge-; kuchanganya ni kosa. Mizani ni nzuri, nimeisifu hapo juu. Lakini sharti linaweza kuwa la jana na tokeo likawa la leo: "Ningalisoma, leo ningekuwa na kazi." Sharti limefungwa, maumivu yako wazi. Ukiilazimisha sentensi hiyo iwe ngali kwa ngali umemfukuza mtu katika maisha yake ya leo. Kwa Kifaransa hata wakali wanairuhusu, si j'avais étudié, j'aurais un emploi, na hakuna anayepiga kelele. Hapa mwalimu kashika mizani kwa nguvu mpaka bidhaa imemwagika.

Kama siku moja nitapewa kuitafsiri La Chute, naona kazi kubwa haitakuwa falsafa. Itakuwa ni kupata umbo la Kiswahili litakalomshtua yule msikilizaji wa baa. Tafsiri ikiweka "nilipokutana na mtu mwenye akili nilimfanya rafiki", hakuna wa kushtuka, na ufunguo umepotea. Nimefikiria kumpa Clamence Kiswahili cha mahakamani cha zamani, au -ngali- isiyo na kazi, au yale maneno ya Kiarabu wanayoyatia watu barazani wakitaka kuonekana. Bado sijaridhika na lolote. Kwa ukurasa wa mwisho sina shaka. Pale ataambiwa aruke kwa -ki- na -nge-, na -ngali- haitamo hata moja.